"Mhariri Bora wa Sauti" au "Mhariri wa Sauti Bora"?

Swali: Tunaandaa vyeti vya tamasha dogo la filamu fupi hapa Mafinga. Kamati imegawanyika: wengine wanataka "Mhariri wa Sauti Bora", wengine "Mhariri Bora wa Sauti". Na aliyefanya miksi (uchanganyaji wa sauti) aingie humo humo au apewe cheti chake?

Jibu: "Bora" likae jirani na kinachosifiwa. Halichukui kiambishi cha ngeli, sawa na "safi", "hodari" na "ghali", kwa hiyo ni mahali lilipo tu panapoonyesha linamsifu nani. "Mkulima wa viazi bora" kule Uporoto anaweza kuwa mkulima wa kawaida kabisa. Vizuri ni viazi. Wa kupewa zawadi Nane Nane pale Uyole ni "mkulima bora wa viazi". Mkiwa na shaka, jaribuni kwa -zuri: "mhariri wa sauti mzuri", "mhariri wa sauti nzuri". Kiambishi kitawaumbua.

Hata hivyo, ningeacha "mhariri" nikaandika "Uhariri Bora wa Sauti". Kinachotuzwa ni kazi, na kazi hii mara nyingi ina mikono mingi: mmoja anashughulikia mazungumzo, mwingine vishindo vya nyayo, milango na nguo, mwingine milio ya magari na mvua. Neno "Mhariri" haliwatoshi wote. Chini yake andikeni jina la filamu, kisha majina ya wote.

Miksi ni kazi nyingine. Mhariri huchagua sauti, hukata, husafisha na kuipanga kila moja ilingane na picha. Mtu wa miksi husawazisha nguvu za sauti hizo ili muziki usimeze maneno. Majaji wasipotenganisha, mhariri atanyimwa alama kwa kosa la miksi. Tuzo za Oscar zilikuwa na vipengele viwili vya sauti, uhariri na miksi, hadi zilipoviunganisha kwa filamu za 2020, zilizotuzwa Aprili 2021. Kwa hiyo habari inayosema mtu fulani ametwaa "Oscar ya uhariri wa sauti" mwaka 2023 imekosea. Kwa kipengele hicho kimoja, "Sauti Bora" ni sahihi, maana sauti yenyewe ndiyo inayosifiwa. Tuzo za Golden Reel, zinazotolewa na chama cha Marekani cha Motion Picture Sound Editors, bado ni za uhariri, tena mazungumzo, vishindo na muziki hushindanishwa mbalimbali.

Filamu zenu zikiwa chache, na kijana yuleyule ndiye aliyehariri na kumiksi, kipengele kimoja cha "Sauti Bora" kinatosha. Zikiwa nyingi, cheti cha pili kisomeke "Uchanganyaji Bora wa Sauti". Msiandike "Mchanganya Sauti Bora": kati ya "mchanganya" na "sauti" hapaingii neno, hivyo utata unarudi palepale, kama ulivyo kwenye "mpiga picha bora", ambao tumeuzoea hata hatuusikii tena.