Maji Yanakaa Hapa Muda Gani? Maswali Yenu ya Ardhioevu na Majibu Yangu

Haya jamani, maswali yamejaa kwenye simu mpaka inakwama, mengine nimeyaunganisha maanake watu wanne wanauliza kitu kimoja. Kwa wageni, mie niko hapa Amu, yaani Lamu mjini, nafundisha vijana mambo ya mikoko na vinamasi, siku mbili darasani siku tatu matopeni, na kila darasa jipya naanza na swali moja tu, hilo la hapo juu. Mtanichoka nalo.

Kijana wa Faza, amemaliza fomu foo: "Mwalimu wetu alisema ardhioevu ni kinamasi. Sasa nyie naona mnatia na bahari humo humo, kwani bahari si bahari?"

Mwalimu hakukosea, alikupa kipande tu. Tarehe 2 Februari 1971 nchi kadhaa zilikutana mji wa Ramsar huko Iran zikaandikiana mkataba, na kwa mkataba ule ardhioevu ni popote penye maji au panapolowa, pa asili au pametengenezwa na mtu, pa kudumu au pa msimu, maji matamu au ya chumvi, na upande wa bahari wanahesabu mpaka pale ambapo maji yakishapwa kina hakizidi mita 6. Sasa fanya hesabu mwenyewe na Faza yenu ilivyozungukwa na maji madogo: mikoko imo, nyasi za bahari zimo, fungu la mchanga linalotokeza maji yakitoka limo, kisha huku bara Ziwa Kenyatta la Mpeketoni limo, na konde la mpunga pia limo. Kenya iliingia mkataba huo 1990, ya kwanza kuandikishwa ikiwa Ziwa Nakuru, na ya karibu yetu sisi ni Delta ya Tana, iliandikishwa 2012, hekta 163,600 hivi. Ukienda Malindi na basi, ukishatoka Witu kuelekea Garsen unaipita pembeni kabisa, ila wengi wetu saa hiyo tumelala tumefungua mdomo.

Kinachoziunganisha zote hizo ni kwamba maji ndio bwana wa pale, ndio yanayoamua udongo uweje na nani aote na nani afe.

Dada mwanafunzi wa Malindi: "Tunakuja Lamu fildi wiki mbili, ndio mara yangu ya kwanza. Nibebe nini, na je nivae gambuti?"

Gambuti liache Malindi, mamangu. Tope la mikoko linavuta, utatoa mguu na gambuti litabaki chini, nimeona kwa macho yangu mtu akirudi jetini na moja. Vaa raba za kamba uzikaze sawasawa na soksi ndefu, maanake kuna chaza kwenye mizizi wanakata kama wembe. Beba penseli, kalamu ya wino ikilowa noti zako zote zinakuwa wingu la buluu. Kofia, maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani, na simu itie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji.

Lakini kubwa kuliko yote hayo ni kujua maji. Kabla hujajua jina la mti hata mmoja jua leo ni mwezi ngapi, na sisemi Julai sisemi Agosti, nasema mwezi wa mbinguni. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, siku moja mbili baadae ndio bamvua lenyewe, maji yanajaa sana na yanapwa sana, na huku kwetu siku za bamvua yanapwa mnamo saa nne saa tano asubuhi, kwa hiyo hapo unapata muda mzuri wa kazi ndani ya mikoko. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hata ukienda utayakuta yamesimama kati kati, hayatoki vizuri hayaingii vizuri. Na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana.

Niwape kisa cha aibu yangu. Mwaka mmoja nlipeleka darasa upande wa Manda nyuma, bamvua limekolea, na mie msomi nlikuwa nimesoma jedwali la maji mstari wa siku nyengine. Nahodha akaniuliza mara mbili, "mwalimu una hakika?" nikamwambia twende. Saa tano asubuhi dau limelala ubavu kwenye mchanga, mkondo wote umekauka, na wanafunzi kumi na wawili wananitazama. Tulikaa pale mpaka alasiri tukimalizia mahamri ya asubuhi na mbaazi zilizopoa. Nahodha hakusema neno, alijifunika kikoi usoni akalala. Tangu siku hiyo jedwali nalisoma, kisha namuuliza nahodha, na wakipingana namfuata nahodha.

Mzee wa Pate: "Nimekata boriti tangu kijana, nimeona mpaka siku walipofunga kuuza nje. Hawa watoto wa chuo na mita zao wanakuja kunifundisha nini?"

Shikamoo mzee wangu. Mie kwanza nakwambia ukweli, wanakuja kujifunza kwako na pengine hawajui kuuliza. Wewe ukiutazama mti unajua huu ni pau, huu mazio, huu boriti, huu nguzo, kuanzia mwembamba mpaka mnene, bila kuushika. Wao inabidi wauzungushie utepe kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka chini, na kwa mkoko wenyewe, ile aina moja yenye jina hilo na mizizi iliyosimama juu kama magoti mengi, wanapanda juu ya ule mzizi wa mwisho kabisa halafu sentimita 30 zaidi ndio wanapima, kisha wanaandika, na mwisho wa siku boriti yao ni kipenyo cha sentimita 11.5 mpaka 13.5, yaani ile ile ya kwako. Mie huwaambia waanze kwa macho ya mkataji, wabahatishe, halafu ndio utepe. Wanakosea sana wiki ya kwanza.

Ila mzee kuna kitu mita inaona na jicho la mkataji halioni, na usinikasirikie. Jicho lako limezoea kutafuta mti wa kukata. Wao wanapiga kamba kipande cha mita 10 kwa 10 wanahesabu kila kitu, hata mche wa kidole, na mti uliopinda ambao wewe ungeupita. Ukikuta boriti zimekwisha na zilizobaki ni zile zilizokonda na zilizopinda, na chini hakuna watoto wa mkoko, basi hata msitu ukiwa kijani ukitazama kwa mbali hapo pana tatizo. Kuuza nje kulifungwa 1982, wewe unakumbuka kuliko mie, lakini soko la ndani halikufungwa wakati ule na zaidi ya asilimia 60 ya mikoko ya Kenya nzima iko huku kwetu Lamu, kwa hiyo anayejenga Malindi au Mombasa anatutazama sisi. Nakuomba siku watakapokuja uwape nusu saa, waoneshe kisiki ulichokata zamani kikachipua na kile kisichochipua. Mchu, aina nyengine ya mikoko, ukikatwa unachipua tena, mkoko ukishakatwa chini ndio basi, na wao hilo wanalisoma kwenye karatasi tu, hawajaliona.

"Mbona matope ya mikoko yananuka yai bovu? Kuna uchafu?"

Siyo uchafu. Tope likishiba maji hewa haipiti, vijidudu vya mle ndani badala ya kutumia oksijeni vinatumia salfeti ya maji ya bahari na vinatoa gesi ile ya yai bovu. Ndio maana mchu na mlilana zinatoa vile vimizizi vilivyosimama kama penseli, vinatafuta hewa juu. Ukipata harufu hiyo umeshapata jibu la nusu ya lile swali langu la kila siku.

Kikundi cha vijana, hapa hapa Lamu: "Tulipanda miche mingi ya mikoko, tukapiga picha, baada ya miezi sita yote imekufa. Tulikosea wapi, mbegu au mbolea?"

Mbolea waachieni mahindi. Nimekuja kuona, mlipanda mbele kabisa kwenye uwanja wa tope ulio wazi, pale ambapo hapajawahi kuwa na mti. Mie pia nimewahi kufanya hivo hivo, tulikuja na wafadhili, fulana mpya, miche imepangwa mistari kama shule ya jeshi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini mikoko yenyewe kwa miaka yote haijaota hapo. Mbegu za mkoko zinadondoka zenyewe kwa maelfu, zile ndefu kama bilinganya nyembamba, zinaelea, zinaenda kila mahali. Kama pahali pangefaa zingeshashika bila fulana zetu. Pale chini maji yanakaa muda mrefu mno, mche unazama siku nzima isipokuwa saa chache, mawimbi yanautikisa, halafu vile vidude vigumu vinavyoganda kwenye mkuku wa dau vinaugandia mpaka unainama.

Fanyeni hivi. Kateni vijiti vya mita moja, muweke alama za rangi kila sentimita 10, vichomekeni kwa mstari kutoka baharini kuelekea bara, kimoja ndani ya mikoko mizima iliyo jirani na vyengine pale mnapotaka kupanda. Siku ya bamvua mmoja wenu akae na saa aandike maji yamefika kijiti saa ngapi na yametoka saa ngapi. Kama kwenye mikoko mizima yanakaa saa nne na kwenu yanakaa saa tisa, jibu mnalo, hamhitaji profesa. Mtaona pia kwamba kila mti una pahali pake, mlilana mbele unavumilia maji, mkoko na muia kati, mkandaa nyuma ambako maji yanafika kwa kubahatisha, na mchu ni mtundu utaukuta mbele na nyuma. Na pengine mtagundua pahali penu pa kweli ni kule nyuma ambako mkondo umezibwa na kifusi cha mtu, mkifukua ule mkondo maji yakaingia na kutoka, miche itakuja yenyewe na hamtapanda hata mmoja. Tatizo tu ni kwamba kufukua mtaro hakutoi picha nzuri.

Baba wa Malindi: "Mbona bahari yetu miezi mingine inageuka nyekundu kama chai?"

Hiyo ni Sabaki. Mto unaanza kule juu kama Athi, unakutana na Tsavo unaitwa Galana, unafika kwenu unaitwa Sabaki, na njiani umebeba udongo wa mashamba ya watu. Mvua zikishapiga bara unamwaga wote kaskazini ya mji wenu, na kaskazi ikivuma mkondo unausukuma kwenu Malindi, kusi ikivuma unaelekea juu Mambrui. Ufuo wenu kupanuka vile ni udongo huo huo. Mwanao akitaka kujifunza mpeleke mlango wa Sabaki asubuhi akatazame ndege wa pale, halafu siku nyengine hori ya Mida, maji ya Mida hayana mto mkubwa unaoingia, kwa hiyo ni kama kuona ndugu wawili waliolelewa nyumba tofauti. Achukue chupa mbili za maji, moja kila pahali, aziache dirishani usiku kucha. Asubuhi atazame chini ya chupa.

"Nisome wapi, na kazi iko?"

Wengi mmeuliza, najibu kwa ufupi. Karibu kuna Chuo Kikuu cha Pwani Kilifi kwa mambo ya mazingira na bahari. Ukishapata digrii, Egerton ina masta ya ardhioevu na maji ya bara inayofanywa pamoja na vyuo vya Austria na Uholanzi. Kazi siwezi kukudanganya, si nyingi na haziji mlangoni. Wanaopata ni wale wanaojua kuandika ripoti NA kushika kasia, na hao ni wachache kwelikweli maanake wa kasia hawapendi ripoti na wa ripoti wanaogopa maji.

Binti wa Siyu: "Mama anasema kukanyaga matope na wavulana si adabu, na buibui litachafuka."

Mwambie mama salamu zangu, na mwambie waliookota kaa na kupanda mikoko Pate wengi wao ni kina mama wenzake. Vaa dera la zamani na suruali ndani, mtandio ufunge nyuma usininginie. Darasa letu wasichana wanakwenda kundi lao na mwalimu wa kike, na mama akitaka kuja siku ya kwanza dau lina nafasi, aje na mahamri.

Mtoto wa darasa la tano, simu ya babake: "Ni kweli jani la mchu lina chumvi?"

Kweli. Mchu unakunywa maji ya bahari halafu chumvi unaitolea kwenye majani, siku ya jua kali utaiona inameta. Ramba uone. Lakini usirambe la karibu na jeti, pale maboti yanamwaga dizeli.