Mitume au watume?

SWALI: Kwaya yetu inaandaa igizo la Pentekoste. Kwenye bango niliandika "Watume wa Yesu", mzee wa kanisa akafuta akaandika "Mitume". Sasa mitume si itakuwa ngeli moja na miti na mikeka? Tuseme mitume ilihubiri? Na je, mtume na mtumwa wana undugu? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Mwachie mzee kalamu yake. Wingi wa mtume ni mitume, na ndiyo maana kitabu cha tano cha Agano Jipya tunakiita Matendo ya Mitume. Wewe uliona m- ya mtu ukaenda moja kwa moja kwenye wa-, na wengi wanateleza hapohapo. Ila masikioni mwangu "watume" ni amri: hao watoto wamekaa tu, watume dukani!

Hofu ya "mitume ilihubiri" iweke kando. Umbo la nomino ni jambo moja, upatanisho wake ni jingine. Hakuna anayesema "manabii yalitabiri" wala "kipofu kiliponywa". Chenye uhai huvuta a- na wa-, kivae kiambishi chochote. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, katika Mathayo 10:2, inasema "hao mitume kumi na wawili", si "hiyo mitume kumi na miwili". Usije tu ukakimbilia Matendo 1:26, pale Mathiya alipopigiwa kura kuziba pengo la Yuda akahesabiwa pamoja na mitume kumi na mmoja. Huo "mmoja" hauthibitishi kitu, maana hata miti ni kumi na mmoja.

Kuna neno moja linaloleta ubishi: miungu. Kutoka 20:3 inakataza "miungu mingine", ilhali 1 Wakorintho 9:5 inataja "mitume wengine". Yote mawili yana mi-, yamepatanishwa tofauti. Mimi naona mfasiri alisikia sawasawa: miungu ya kuchonga kwa mti na jiwe haihitaji upatanisho wa wenye uhai, Petro na wenzake wanauhitaji.

Sasa mtumwa. Ndiyo, ni ndugu wa tumbo moja na mtume. Wote wametoka kwa -tuma. Kiswahili kina njia ya zamani ya kumtaja aliyetendwa kwa kumalizia na -e: aliyeteuliwa ni mteule, kilichoumbwa ni kiumbe, aliyetumwa ni mtume. Njia nyingine ni -wa ya kutendwa, nayo ikatupa mtumwa. Kwa sauti, maneno hayo mawili yanasema kitu kilekile. Kwa maisha ya watu, moja lilipanda madhabahuni na jingine likafungwa minyororo, likashuka na misafara hadi Bagamoyo.

Ndipo Warumi 1:1 inapopendeza kwa Kiswahili kuliko hata kwa lugha yake ya kwanza. Paulo anajitambulisha kuwa mtumwa wa Kristo Yesu, aliyeitwa kuwa mtume. Katika Kigiriki maneno yake ni doulos na apostolos, na hayana uhusiano wowote wa mzizi. Apostolos ndilo linalotokana na kutuma. Sisi tunayasikia yakiitikiana ndani ya sentensi moja. Wahubiri wengi siku hizi hulikwepa hilo la kwanza wakasema "mtumishi". Naelewa kwa nini, lakini doulos ni mtumwa, mtu mwenye bwana, wala si mwajiriwa wa mshahara.

Jambo dogo la mwisho kuhusu bango, kwa kuwa litapigiliwa barabarani. Kwa majirani zenu Waislamu, "Mtume" peke yake, bila jina, ni Muhammad. Mkimtaja mmoja mmoja, andikeni Mtume Petro, Mtume Yohana. Kichwa kiwe "Mitume wa Yesu", kwa wa, si "Mitume ya Yesu". Na kama herufi zinazidi upana wa kitambaa, Luka 9:1 katika Biblia hiyohiyo inawaita kwa neno moja tu, Thenashara, yaani kumi na wawili kwa hesabu iliyotoka Uarabuni. Ila hapo mweke kijana mlangoni wa kuwaeleza wanaouliza.