Dada muuguzi, usikikatae hicho kiti cha jaji

Dada, nimesoma swali lako mara mbili. Umealikwa kwenye jopo la majaji wa mashindano ya dokumentari za kijamii, utakaa na mwongozaji wa filamu na mhadhiri wa chuo, na wewe ni muuguzi wa hospitali ya wilaya. Unauliza kama ukatae kwa sababu mambo ya kamera huyajui. Usikatae. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, nimekaa kwenye majopo ya namna hiyo mara tatu, na nina sababu ya kukwambia hivyo.

Kazi yenyewe iko hivi. Filamu zote zinazotumwa hazikufikii wewe, kuna watu wa mchujo wanaotangulia. Unaletewa zilizobaki, kwetu zilikuwa kumi na moja, kwa linki yenye nywila. Unatazama nyumbani, halafu mnakutana. Usitazame kwenye simu, na usizidishe mbili kwa siku, maana ya tatu utaihukumu kwa uchovu wako na yenyewe haijakukosea kitu.

Sasa nikusimulie mara ya pili. Ilikuja filamu ya akina mama wanaoanika dagaa ufukweni, Ziwa Victoria. Picha nzuri mno, alfajiri, ukungu bado uko majini. Mama mmoja ameinama anamwaga dagaa kutoka kwenye beseni na kuwatandaza, anaongea Kisukuma bila kumtazama anayemhoji. Maandishi ya chini yanasomeka: "Tumechoka na maisha haya." Wengine tulishaanza kufuta machozi. Mezani alikuwepo mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Magu, akaomba turudishe nyuma. Tukarudisha mara tatu. Akasema, jamani, huyu hajasema amechoka na maisha. Amesema, "Mmenichosha na maswali, niacheni nianike."

Tukatazama tena, safari hii tukiangalia mikono. Kweli, swali likiulizwa tu mkono unaongeza kasi, kisha anageuka na kuipa kamera mgongo. Yote yalikuwa wazi kwenye picha. Sisi tulikuwa tunasoma maandishi.

Kupitia waandaaji tulimuuliza mwongozaji. Akajibu kwa unyoofu kwamba Kisukuma hakijui, tafsiri ilifanywa mjini na mtu aliyelipwa kwa dakika. Tuzo kuu hatukumpa. Iliniuma, kwa sababu alikuwa kijana na alikaa miezi miwili kwenye ufukwe ule, na dagaa alikuwa amewapiga picha kwa heshima kubwa. Lakini yule mama alipewa maneno yasiyo yake, na ndiye ambaye filamu ilidai kumsemea.

Kwa watu wa kanda ile jambo hili si dogo. Wa rika langu mtaikumbuka Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ile ya mapanki (mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishaondolewa), ya mwaka 2004. Huko Ulaya filamu hiyo iliheshimiwa sana, ikachukua tuzo ya dokumentari bora ya Ulaya mwaka huohuo, ikateuliwa kugombea Oscar ya 2006. Mwaka huo huo wa 2006 Rais Kikwete aliikosoa hadharani, na Mwanza kukawa na maandamano. Mimi siungi mkono kufungiwa kwa filamu, na maswali kuhusu sangara wanaosafirishwa na watu wanaobaki na mifupa yalistahili kuulizwa. Ila mezani pa majaji wa filamu kama ile lazima awepo mtu anayejua panki linauzwa wapi, nani analinunua, na linapikwaje.

Ndiyo maana nasema ukae. Ikija filamu ya wodi ya wazazi, wenzako wataona mwanga na pembe ya kamera. Wewe utaona yule mama alikuwa amefika wapi na uchungu wake alipoulizwa kama anakubali kurekodiwa. Ridhaa ya mtu aliye katika hali ile unaijua kuliko sisi wote. Uliza mezani, na uulize pia kama ameshaonyeshwa filamu yenyewe.

Kuhusu alama, chunga wastani. Filamu iliyopata 8, 8, 8 inaishinda iliyopata 10, 10, 3 kwa alama moja tu ya jumla. Hiyo 3 inaweza kuwa ya mtu anayelijua jambo lile kwa undani, au ya mtu asiyelipenda tu. Kwa hiyo alama ziwe za kuanzishia mazungumzo, aliyetoa 3 aeleze. Kama kanuni zinaruhusu tuzo maalum ya majaji, itumieni. Dokumentari ya Softie ya Mkenya Sam Soko ilipata tuzo maalum ya uhariri kwenye tamasha la filamu la Sundance, Marekani, mwaka 2020, kwa hiyo kuheshimu kitu kimoja kilichofanywa vizuri ni jambo la kawaida hata kwenye matamasha makubwa.

Halafu kujuana. Mara ya tatu nilimkuta mtoto wa rafiki yangu kwenye orodha ya wapiga picha. Nilisema siku ileile, na filamu yake ilipojadiliwa nikatoka nje.

Ukikuta filamu ya lugha usiyoijua, waombe waandaaji mzungumzaji wa lugha hiyo aisikilize pamoja nawe kabla ya kikao. Watakwambia hakuna bajeti. Ng'ang'ania, ni kazi ya saa moja na nauli ya daladala.