Mtoto hajaongea? Anza na masikio, kisha tazama kidole

Mtoto akifika mwaka mmoja na nusu bila maneno, majibu ya nyumbani huwa tayari: "hata baba yake alichelewa", "wa kiume ndivyo walivyo", "mpelekeni akakatwe udata", yaani utando ulio chini ya ulimi. Majibu hayo huwapotezea watoto miezi ya thamani. Kuhesabu maneno tu hakutoshi. Chunguza kwanza kama anasikia, halafu kama anawasiliana bila maneno.

Wengi humpigia mtoto makofi karibu na uso, akigeuka wanaridhika. Huenda ameona mikono au amehisi upepo wake. Mlango ukibamizwa, sakafu hutikisika, na hata kiziwi hugeuka. Zima redio na televisheni, mwache acheze, simama hatua mbili nyuma yake, kivuli chako kisimfikie. Mwite jina kwa sauti ya chini. Subiri, rudia. Baadaye chakarisha karatasi ya biskuti. Akigeukia biskuti lakini jina lake halimgeuzi kamwe, lieleze hilo kliniki hivyo hivyo lilivyo, maana huenda tatizo si masikio bali ni namna anavyojihusisha na watu. Hata hivyo omba kipimo kamili cha usikivu. Mtoto anayeugua masikio mara kwa mara anaweza kubaki na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio: leo anasikia, kesho hasikii, na watu humwita mkaidi. Aliyewahi kuugua homa ya uti wa mgongo au manjano kali ya macho na ngozi apimwe hata kama anaonekana mzima.

Sasa kidole. Kuna kuonyesha kikombe kwa sababu anataka maji, na kuna kuonyesha paka ukutani kisha kukutazama usoni, ili nawe umwone. Hiki cha pili watoto wengi huwa nacho wakifika miezi 18, na ndicho ninachokitazama kuliko neno lolote. Anayekushika mkono na kuuweka juu ya kitu anachotaka, bila kukuangalia, apelekwe akaonwe. Udata haumzuii mtoto kuonyesha kidole wala kuelewa "lete kiatu".

Akifika miaka 2 tarajia aunganishe maneno mawili, kama "mama maji". Hesabu maneno ya lugha zote. Kisukuma cha bibi na Kiswahili cha nyumbani havimcheleweshi. Aliyezaliwa njiti, hesabu umri wake kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, mpaka afike miaka 2.

Kuziba masikio mashine ya kusaga inapowashwa, kulia akinyolewa, kukataa kukanyaga nyasi: watoto wengi hupitia hayo. Uzito unakuja pale yanapodumu wiki baada ya wiki na kumharibia kula, kulala au kucheza, mfano mtoto anayekubali vyakula viwili vitatu tu na kutapika akiguswa na ugali mdomoni. Usimlazimishe, utaongeza hofu. Mwache aushike, aufinyange, aunuse kwanza. Anayekula udongo apimwe damu, kwa kuwa upungufu wa madini ya chuma huambatana na tabia hiyo.

Usisubiri hata kidogo kama amepoteza maneno aliyokuwa nayo, hajatembea akiwa na miezi 18, au anatumia mkono mmoja tu kabla ya umri huo. Mboni inayong'aa nyeupe kwenye picha ni ya kwenda hospitali wiki hiyo hiyo, kwani inaweza kuwa saratani ya jicho.

Kliniki mtoto huogopa au husinzia, kwa hiyo nenda na video fupi za simu: akiitwa jina, akila, akitembea peku kuelekea kwako. Chukua pia kadi ya kliniki. Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT ina huduma za utengamao kwa watoto, yaani tiba na mazoezi ya kuwajengea uwezo; Kenya kuna vituo vya EARC, vinavyopima watoto wenye mahitaji maalumu. Ukiambiwa "atakua tu", omba rufaa ya kipimo cha masikio na tarehe ya kurudi, iandikwe kwenye kadi kabla hujaondoka.