Nina chansi gani kuingia Harvard? Maswali yenu kuhusu vyuo vikubwa vya Marekani

Fomu za vyuo vingi vya Marekani zinafunguliwa tarehe 1 Agosti kila mwaka na kuanzia hapo inboksi yangu haipumui. Nimechukua maswali saba, nimeyafupisha, majina nimeyaacha. Mengi kiini chake ni kimoja tu, nina chansi gani, na nitawajibu kama ninavyowajibu wanafunzi wangu tukiwa tumekaa uso kwa uso.

Shikamoo mwalimu. Nimemaliza PCM nina One ya 3, form four nilipata One ya 7. Nataka Harvard au MIT. Niambie ukweli, nina chansi asilimia ngapi? (Mbeya)

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana, One ya 3 ya PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu) haiokotwi njiani. Asilimia yako wewe sikupi kwa sababu hakuna mtu aliye nayo, hata wao wenyewe hawana mpaka wafungue faili lako. Ninachoweza kukupa ni hesabu ya jumla. Kwa waliotakiwa kuanza 2024 Harvard walipokea maombi 54,008 wakakubali 1,937, yaani watu kama 36 katika kila 1,000. MIT mwaka huohuo maombi 28,232, waliokubaliwa 1,275, kama asilimia 4.5 hivi, ila hiyo ni pamoja na Wamarekani wenyewe, ukituhesabu sisi wa nje peke yetu inashuka mpaka karibu asilimia 2.

Sasa matokeo yako yanafanya kazi gani hapo? Yanamhakikishia anayesoma faili kwamba darasani hutashindwa. Basi. Baada ya hapo anageuza ukurasa anatafuta kitu kingine kabisa: huyu kijana akiachwa bila mwalimu na bila mtihani anafanya nini na akili yake? Kama jibu halipo kwenye faili, hiyo One ya 3 inakuwa sawa na za maelfu ya wengine kutoka India, China, Nigeria, wote walikuwa wa kwanza shuleni kwao. Kwa hiyo niambie, ulishawahi kutengeneza nini, kumfundisha nani, kusumbuliwa na swali gani mpaka ukalitafutia jibu mwenyewe? Nianzie hapo, ndio tuongee chansi.

Halafu kuna SAT, mtihani wa Hesabu na Kiingereza wa kuombea vyuo vya Marekani. MIT waliirudisha kuwa lazima 2022, Harvard wakafuata 2024 (Harvard wana mlango mdogo kwa mtu ambaye kweli hawezi kuipata, wanaweza kupokea matokeo ya mtihani wa taifa, lakini usiutegemee kama kituo unaweza kukifikia). Wengi wa wanaoingia Harvard wana kati ya 1500 na 1580. Hesabu za SAT mtu wa PCM hazikutishi, shughuli iko kwenye Kiingereza na muda. Pakua programu ya Bluebook, ina mitihani ya mazoezi ya bure kabisa, na tovuti ya masomo ya Khan Academy pia ni bure. Vituo ni vichache na nafasi zinajaa mapema, jisajili mapema na pasipoti uanze kuishughulikia sasa hivi.

Habari mwalimu. Niko form four Kakamega, KCSE nafanya Novemba na dedilaini za vyuo vingi ni Januari mwanzoni. Niaplai sasa ama ningoje? (Kakamega)

Ngoja. Najua wenzako watakuambia usipoteze mwaka, lakini angalia mambo yalivyo: matokeo ya KCSE yanatoka Januari, fomu zimeshafungwa au zinafungwa, kwa hiyo ukiaplai sasa unaomba bila gredi yako muhimu kuliko zote na insha utakuwa umeziandika usiku katikati ya prepu ya Chemistry. Ukingoja unaaplai Agosti ukiwa na gredi mkononi, umefanya SAT umetulia, na mwaka wa katikati hauhesabiwi vibaya alimradi uwe umefanya kitu.

Tena Kenya mna njia iliyoshapigwa. KenSAP ya kule Iten tangu 2004 wanachukua waliofanya vizuri sana baada ya matokeo, wanawanoa kwa SAT na insha, kisha wanawaombea vyuo. Zawadi Africa wapo kwa ajili ya wasichana. Wanaochukuliwa na benki ya Equity kwenye programu yao ya uongozi nao wanasaidiwa kuomba vyuo vya nje. Matokeo yakitoka tu fuatilia, usikae nyumbani ukingoja simu.

Kitu kimoja cha kuangalia ukifika huko: kuna maombi ya mapema, dedilaini kwa kawaida Novemba mosi. Maombi ya mapema ya Harvard, Yale na Princeton hayakufungi ila yanakubana, huruhusiwi kuomba mapema vyuo vingine binafsi vya Marekani. Ya Brown, Dartmouth na Amherst yanakufunga kabisa, ukikubaliwa ndio umekwenda, mengine yote unafuta. Soma masharti kabla hujabonyeza.

Mwalimu, mimi ni mzazi. Baba yao anaendesha bajaji, mimi nina genge la mbogamboga. Binti yangu anafanya vizuri sana ila nimesikia chuo anachokitaka cha Marekani ni dola elfu 80 kwa mwaka, nikamwambia aachane nacho. Nimemkosea? (Mwanza)

Mama yangu, nani asiogope, hiyo ni kama milioni 200 za kwetu kwa mwaka mmoja, na kwa sasa hata imepita hapo. Lakini naomba umruhusu ajaribu, na nikueleze kwa nini, maana hili ndilo jambo ambalo watoto wetu wengi wanakosa kwa kutoambiwa tu.

Kuna vyuo vichache ambavyo vikimchagua mtoto wa nje haviangalii kabisa kama wazazi wana hela. Wanachagua kwanza, halafu wakishamchagua wanapiga hesabu familia inaweza nini, kinachopungua wanalipa wao. Navyovijua ni Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, na kuanzia 2022 Dartmouth na Bowdoin wakaingia, kisha Brown kwa walioanza 2025. Familia kama yenu inaweza kuambiwa ilipe sifuri au kidogo sana. Na sio skolashipu ya kushindania, Harvard hawana skolashipu ya mwenye akili wala ya mwanamichezo, wanatoa kulingana na uhitaji tu. Vyuo vingine vikubwa kama Stanford, Columbia na Duke navyo vinatoa hela nyingi kwa wa nje, ila kule kuomba hela kunawekwa kwenye mizani wakati wa kuchagua, yaani mtoto wako na wa tajiri wakilingana, wa tajiri anaweza kupita. Ndio maana mtoto wa genge chansi yake inaweza kuwa kubwa zaidi kwenye chuo chenye jina la kutisha kuliko kwenye chuo cha kawaida kisicho na hela.

Kazi yako wewe ni kwenye fomu ya fedha, vyuo vingi vinatumia inayoitwa CSS Profile. Itauliza mshahara wakati huna mshahara, hapo ndipo wazazi wengi wanakwama au wanaandika uongo. Usidanganye. Kaa na daftari wiki nne: tenga la nyanya umenunua bei gani, umeuza bei gani, zilizooza ngapi, hela ya mgambo, nauli ya sokoni, kilichobaki. Baba naye aandike hesabu ya bosi wa bajaji na mafuta. Zidisha kwa mwaka, kisha pata barua ya mtendaji wa mtaa inayoeleza kazi zenu. Faili lenye hesabu ndogo za kweli linaaminika kuliko lenye namba za mviringo. Na ada ya kuomba, ambayo kwa vyuo vingi ni kama dola 75 mpaka 90, ipo sehemu ya kuomba msamaha, aombe bila aibu.

Sina akitiviti yoyote. Shule yetu ni ya kata, hakuna debeti wala klabu ya roboti. Nikitoka shule nalea wadogo zangu na kumsaidia bibi biashara ya mihogo. Nimeona fomu ina nafasi 10, mimi nitajaza nini? (Kigoma)

Wewe dada una akitiviti kuliko unavyojua, na nilivyosoma ujumbe wako nilitamani niwe karibu tujaze pamoja. Fomu ya Common App, ile moja inayotumiwa na vyuo vingi, inajua kuna watoto kama wewe, kwenye orodha ya aina za shughuli kuna ya majukumu ya familia, imeandikwa kabisa. Kwa hiyo mihogo na wadogo zako vinaingia, tena juu, namba moja na mbili, sio mwisho kwa aibu.

Tatizo ni kwamba unapewa herufi 150 tu kueleza. Wengi wanaandika "Namsaidia bibi kazi za nyumbani", inaisha hapo. Jaribu hivi: "Kila jioni napika, naogesha wadogo 3, nasimamia homuweki, daftari la mauzo ya mihogo naandika mimi, faida inanunua sare na madaftari." Umeona? Ni maisha yaleyale, ila sasa msomaji anakuona. Kisha jaza saa kwa wiki na wiki kwa mwaka, hesabu kweli, usipunguze kwa unyenyekevu. Utakuta una saa 25 kwa wiki, na mtu akisoma hapo kisha akaona alama zako anaelewa zimepatikana kwenye mazingira gani.

Usianzishe taasisi ya kuokoa jamii wiki mbili kabla ya dedilaini, wanazijua hizo. Na nafasi 10 sio lazima zijae, ukiwa na 4 za kweli peleka 4.

Kuna ejenti anataka milioni 3, anasema ataniandikia insha na nafasi ni gerentii. (Dar es Salaam)

Usimpe hata mia. Hakuna anayeweza kugerentii nafasi. Marekani kwenyewe alikuwepo William Singer, akipokea mamilioni ya dola kwa wazazi matajiri na kupitisha watoto kwa hongo na mitihani ya kughushi, 2019 kesi ikalipuka na Januari 2023 akahukumiwa miaka mitatu na nusu jela. Insha andika mwenyewe, maneno yasiyozidi 650, ukikwama nenda kwa washauri wa EducationUSA kwenye ubalozi wa Marekani, ushauri wao ni bure, na waulize kama bado wana mfuko wa kuwasaidia wenye uwezo mdogo kulipia gharama za mwanzo kama mitihani.

Mwenzako hapa, mwalimu wa Fizikia. Kijana wangu ameniomba barua ya mapendekezo kwa ajili ya vyuo vya Marekani. Kwetu tunaandika mistari mitano na muhuri. Inatosha? (Iringa)

Mwalimu mwenzangu asante kwa kuuliza, maana barua zetu zinawaangusha watoto na sisi hatujui. "Ni mwanafunzi mwenye nidhamu, mtiifu, anashika nafasi ya kwanza, namtakia kila la heri." Hii kwetu ni sifa kubwa, kule ni barua tupu, nafasi ya kwanza wameshaiona kwenye matokeo.

Mweleze kama unamsimulia mkeo nyumbani. Ile siku praktiko ya pendulamu ilitoa jibu la ajabu, wenzake wakanakili jibu la kwenye kitabu yeye akarudia vipimo mpaka akagundua uzi unavutika, basi andika hiyo. Andika darasa lina wanafunzi 80 na maabara ina mizani mbili. Andika anavyouliza maswali unayolazimika kwenda kuyasoma usiku. Ukurasa mmoja na nusu unatosha kabisa, na kama Kiingereza hakijanyooka sana usijali, wanatafuta kijana, hawakusahihishi wewe.

Niko Bujumbura. Hata nikikubaliwa, hizi habari za viza zimenivunja moyo. Naanza vipi? (Bujumbura)

Pole sana, na sitakuficha, hali ni ngumu. Juni 2025 Marekani iliweka vizuizi vinavyogusa viza za wanafunzi wa Burundi, na Desemba 2025 ikaongeza nchi nyingine, Tanzania ikiwemo, kwa hiyo hili linawahusu na wa Mbeya, Mwanza, Kigoma na Dar hapo juu. Inauma kuona mtoto amefanya kila kitu sawasawa halafu kinachomzuia ni pasipoti yake. Amri hizi zinabadilika, angalia tovuti ya ubalozi wewe mwenyewe, sio WhatsApp.

Ninachowashauri wanafunzi wangu sasa ni kutoweka orodha yote Marekani. NYU Abu Dhabi inachagua kwa ukali uleule na inasaidia fedha kulingana na uhitaji. Ashesi iko Ghana, African Leadership University iko Kigali, mlango wa jirani kwako. Oxford na Cambridge dedilaini ni 15 Oktoba, mapema kuliko wengine, ila hela kwa wa nje kule ni finyu sana. Na ukikubaliwa Marekani viza ikakwama, kiandikie chuo mara moja uombe kusogezewa mwaka, usijitoe mwenyewe kimyakimya. Insha uliyoandika kwa chuo kimoja unaweza kuirekebisha kwa vingine, kwa hiyo kazi yako haipotei, anza na hiyo wikiendi hii.