Spika wa kwanza wa Marekani alitokea wapi?

SWALI: Shikamoo mhariri, eti spika wa kwanza wa Bunge la Marekani alikuwa mchungaji?

JIBU: Marahaba mwanangu, ni kweli kabisa. Frederick Muhlenberg alikuwa mchungaji wa Kilutheri, akaacha mimbari akaingia siasa, akawa spika wa bunge la jimbo lake la Pennsylvania halafu mwaka 1789 akachaguliwa spika wa kwanza wa taifa. Ila kilichommaliza kisiasa ni kura moja tu ya 1796, bunge limekaa kama kamati yeye ndo mwenyekiti, azimio la kutekeleza mkataba na Uingereza kura 49 kwa 49, akapiga ya kwake likapita. Siku chache baadae shemeji yake akamchoma kisu, akapona, lakini ubunge hakurudi tena. Mi namheshimu sana kwa ile kura.