Unafuga Paka? Anza na Jiko

Paka haonywi. Mtoto wa miaka minne utamwambia "moto huo, utaungua", na ukimrudia mara kadhaa ataelewa. Paka ukimfukuza mezani anashuka, anakaa pembeni anajilamba, na ukigeuka tu kuchukua chumvi amesharudi. Wala si ukaidi. Jikoni ndiko kwenye harufu ya samaki, ndiko kwenye joto, na ndiko panya wanakopita. Kwa hiyo sihangaiki kumfundisha paka. Nahangaika na jiko lenyewe: kila kinachowaka, kinachomwagika au kinachovutika nakipanga nikijua paka atakifikia, maana atakifikia.

Naishi Dar es Salaam, nyumba ya kupanga, na paka watatu: mama na wanawe wawili ambao sasa ni wakubwa. Napika kwa gesi, na mkaa nautumia kwa maharage na makande, kama nyumba nyingi za huku. Serikali ina mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na kweli mitaani mitungi imeongezeka. Ni jambo jema. Lakini mtu akinunua mtungi wake wa kwanza anaelekezwa namna ya kufunga reguleta, basi. Mimi sijawahi kuulizwa dukani kama nyumbani nina mnyama.

Gesi tunayopikia ni mchanganyiko wa propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini. Inashuka, inatambaa sakafuni, inatuama kwenye kona, chini ya kabati na nyuma ya mapazia, yaani kulekule anakolala paka. Ile harufu kali inatiwa makusudi kwa sababu gesi yenyewe hainuki, lakini wewe uliyesimama wima unaweza kuchelewa kuipata wakati chini imeshajaa. Ndiyo maana asubuhi kabla ya kuwasha chochote nainama kwanza, nanusa usawa wa goti.

Halafu kuna lile pazia. Wengi tuna meza ya zege jikoni, chini yake mtungi na masufuria, na mbele kipande cha kitenge ili pasionekane. Kwa nyumba yenye paka, pazia hilo siliafiki kabisa. Paka analipanda kwa kucha mpaka usawa wa moto, analala nyuma yake akiegemea mtungi, anakimbilia humo akisikia mlango, na kila akipita anagusa mpira. Na gesi ikivuja, pazia linaisaidia kujikusanya. Kwangu fundi alitengeneza milango miwili midogo ya wavu wa chuma. Hewa inapita, mtungi naona, paka haingii. Kama fundi hawezekani kwa sasa, ondoa pazia uache pawe wazi. Bora mgeni aone masufuria.

Mpira wa gesi nao una habari yake. Paka wachache sana wanautafuna kwa kuupenda. Wanachokitaka ni panya aliye nyuma yake, na panya ndiye mtafunaji. Basi panya anauma, paka anaparura akimfukuza, na wewe huoni kitu kwa sababu alama ya ukucha ni mstari mwembamba unaofunguka pale tu mpira unapokunjwa. Kila nikibadilisha mtungi nafanya hivi: nakoroga sabuni na maji kwenye kikombe mpaka povu liwe zito, nafungua koki ya mtungi huku jiko limezimwa, napakaza povu kwa sponji pale reguleta inapokaa, kisha pale mpira unapoingia kwenye jiko, kisha urefu wote wa mpira nikiukunja taratibu kwa vidole. Penye tundu povu linaumuka lenyewe, vipovu vidogo vinafuatana mahali pamoja bila kuguswa. Ukiona hivyo, funga mtungi, mpira huo haufungwi selotepu, unanunuliwa mwingine. Ipo ya kufumwa kwa waya juu, ghali kidogo, nami naona mwenye paka asiibanie hela. Wapo wanaopima kwa njiti ya kiberiti. Usimruhusu mtu kufanya hivyo nyumbani kwako, hata akiwa fundi wa miaka mingi.

Na funga mtungi kila ukimaliza kupika. Siyo jiko tu, mtungi. Swichi za kuwashia jiko zilizolegea zinasukumika paka anapotembea juu yake, na gesi inatoka bila moto. Koki ikiwa imefungwa chini, achezee anavyotaka.

Ukisikia harufu ya gesi: usiwashe taa, usizime taa, usichomoe chochote kwenye soketi. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toa watu, beba paka. Subiri nje.

Sasa samaki, maana hapa ndipo ninapopaogopa zaidi. Paka aliyelala chumba cha mwisho ataamka kabla changu au dagaa hawajaanza kubadilika rangi. Mtazame anavyokuja. Hakimbilii kikaango. Anakaa mlangoni, mkia unacheza ncha tu. Anahamia kwenye stuli. Macho yako juu ya sahani ya samaki walioiva, si juu ya mafuta, na njia fupi ya kufika kwenye sahani inapita juu ya mpini wa kikaango. Akiruka, mguu wa mbele unakanyaga mpini, na mafuta yenye joto zaidi ya nyuzi 180 yanamwagika juu yake, juu ya moto, na juu ya miguu ya mpishi kwa mara moja.

Kwa hiyo sikaangi paka akiwa ndani. Nawapa chakula chao kwanza, chumbani, nafunga mlango, ndipo naweka kikaango. Paka aliyeshiba bado ana tamaa, lakini mlango uliofungwa hauna mjadala. Mpini naugeuzia ukutani. Sahani ya samaki walioiva naiweka mbali na jiko kabisa, upande mwingine wa chumba, ili hata akipenya njia yake isipite motoni. Mfuniko unaolingana na kikaango nauweka karibu na mkono, siyo kabatini.

Mfuniko huo ndio dawa mafuta yakishika moto. Zima gesi, telezesha mfuniko juu ukitokea upande wako, uache hivyo mpaka pawe pamepoa kabisa. Maji, hapana. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama chini, yanageuka mvuke papo hapo na kuyarusha mafuta yanayowaka mpaka darini. Mwambie hivyo dada wa kazi, waambie watoto, mwambie na bibi aliyekuja kutembea.

Wenye majiko ya umeme ya kioo, yale ya kugusa kwa kidole, msijione mmesalimika. Mwaka 2021 idara ya zimamoto ya jiji la Seoul, Korea Kusini, ilitoa tahadhari kwamba kati ya Januari 2019 na Novemba 2021 paka walisababisha matukio 107 ya moto majumbani, mengi wenye nyumba wakiwa hawapo, na watu 4 wakajeruhiwa. Paka anaruka juu ya jiko, unyayo unagusa kitufe, jiko linawaka, na kilichowekwa juu yake kinaungua. Majiko hayo yanaingia sasa kwenye nyumba za Dar, Nairobi na Mombasa. Yana kitufe chenye alama ya kufuli: kibonyeze kila ukimaliza. Bora zaidi zima swichi ya ukutani. Na juu ya jiko pasiwekwe kitu, hata kitambaa cha kufutia.

Mkaa una hatari nyingine, ya baadaye, wakati kila mtu ameshakula. Jiko la mkaa linabaki na joto saa nyingi chini ya majivu yanayoonekana yamekufa, na paka anatafuta joto. Anajikunja pembeni mwa jiko, mwingine anaingia ndani kabisa. Kaa moja likishika manyoya, mnyama aliyeshtuka anakimbilia anapojua: chini ya kitanda, kwenye godoro, kwenye tenga la nguo. Ukimaliza kupika funika jiko kwa mfuniko wa bati uweke na jiwe juu, lisimame kwenye saruji nje, mbali na gunia la mkaa. Mvua au baridi isikufanye uliingize ndani. Moshi usioonekana wa mkaa, kaboni monoksaidi, hauna rangi wala harufu, na unaua waliolala, watu na paka wote.

Na majivu! Wengi tunayatumia kwa choo cha paka, ni mazuri, yananyonya na hayana gharama. Lakini majivu ya jana usiku yanaweza kuwa na kaa hai ndani. Ukiyamwaga kwenye beseni la plastiki asubuhi, plastiki inayeyuka, au paka anafukua kwa mikono yake na kuungua. Yakae kwanza kwenye debe la bati, yanyunyizie maji, yakoroge, yatumie kesho yake. Wanaotumia maranda ya mbao wayaweke mbali na jikoni, maana yanashika moto kwa cheche moja.

Jiko la mchina sitalisema sana. Ni jepesi, linapinduka kirahisi, na mafuta ya taa yakimwagikia paka atajilamba, na hayo ni sumu. Kama ndilo ulilonalo, lipikie chini, kwenye kona, na usiliache peke yake.

Umeme ukikatika, mshumaa uingie kwenye glasi ndefu au taa ya chemli, siyo kwenye kisosi. Na sisi wa pwani tunaofukiza udi, chetezo kisiachwe sakafuni chini ya nguo zinazofukizwa huku mtu akienda kuoga. Mtume (S.A.W.) alitufundisha tuzime taa tunapolala, kwa sababu panya huweza kuburuta utambi akawachomea watu nyumba. Kama panya anaweza, paka wa kilo nne anaweza zaidi.

Kwenye umeme nina mawili tu. Manyoya hujikusanya nyuma ya friji na kuifanya ifanye kazi kwa joto kali, kwa hiyo isogeze na ufagie kila mwezi, ukiwa umeichomoa. La pili, paka dume asiyehasiwa ananyunyiza mkojo kuweka mipaka, na ekstensheni iliyolala sakafuni ni mahali pake kabisa. Mkojo ukiingia kwenye matundu unaleta shoti. Itundike ukutani, matundu yakitazama pembeni, na mhasi dume wako.

Moto ukishatokea ndani, paka haji kwako. Anajificha. Jua sasa hivi, siku ya amani, kila mmoja wako hujificha wapi. Wangu mmoja ni juu ya kabati, wengine chini ya kitanda cha watoto. Weka tenga lenye mfuniko karibu na mlango wa nje, siyo stoo. Funguo za geti la nondo zitundikwe mahali pamoja ambapo kila mkubwa wa nyumba anapapata gizani. Usiku funga mlango wa jikoni paka wakiwa upande wa pili. Na ukishatoka, umetoka: usirudi kumfuata paka. Acha mlango wazi, piga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na waeleze kuwa kuna wanyama ndani na wako chumba gani. Nawapenda paka wangu sana, lakini hilo la kutorudi ndani nimeshawaambia watoto waziwazi, ili siku hiyo wasianze kulifikiria.

Paka akiungua, mwagie maji ya kawaida ya bomba yanayotiririka taratibu kwenye sehemu iliyoungua, kwa dakika 10 au zaidi, mwili mwingine ukiwa umeufunika asipate baridi. Atapambana, mfunge kwa taulo. Usimpake dawa ya meno, mafuta ya kupikia, asali wala chumvi, na usimwekee barafu. Funika kidonda kwa kitambaa safi chenye unyevu, mpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama anatembea vizuri, maana nyayo zilizoungua huonekana vibaya zaidi siku ya pili. Na tafadhali, usimpe Panadol wala dawa yoyote yenye paracetamol kumtuliza maumivu. Mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hiyo, na kidonge kimoja cha mtu mzima kinatosha kumuua.